Presha ya Paka Mzee

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, mboni ya paka huwa nyembamba kama uzi. Basi achukuliwe paka jike wa miaka 14 ambaye, mchana huohuo mweupe, mboni zake zimetanuka zikalijaza jicho zima kwa weusi, na hata akimulikwa tochi usoni hazisinyai. Jana aliruka dirishani bila kusita. Leo anapapasa ukuta kwa masharubu, anagonga mguu wa kigoda, anasimama, anajaribu upande wa pili. Nyumbani watasema kapigwa na mtu, au uzee umemwingia machoni. Daktari wa mifugo aliyewahi kumwona paka wa namna hiyo hasubiri maelezo marefu, hutafuta kwanza kipimo cha presha. Namba inayosomeka kwa kawaida huwa juu ya milimita 180 za zebaki, na si ajabu ikapita 200.

Kilichotokea ndani ya jicho kinafanana na lipu inayobanduka kwenye ukuta ulionyonya maji. Vimishipa vya damu vilivyoko nyuma ya retina, ule utando unaopokea mwanga, vimeshindwa kuhimili msukumo. Maji yamevuja, utando ukajitenga na mahali ulipokuwa umeshikana. Paka hana namna ya kusema kuwa kichwa kinamgonga au kuwa macho yanafifia. Ndiyo maana ugonjwa uliokuwa ukimla kwa miezi mingi huwadhihirikia wenyewe katika usiku mmoja.

Jicho ndilo lililopiga ukelele. Chanzo, kwa paka wengi wa umri huo, kiko nyuma ya mbavu za mwisho, karibu na uti wa mgongo: figo.

Paka wa nyumbani ni mzao wa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica, mnyama ambaye hadi leo hutembea usiku katika nyika za Tanzania na Kenya. Figo zake ziliumbwa kwa ajili ya nchi kame. Huvuta maji karibu yote kutoka kwenye mkojo na kuyarudisha mwilini, kiasi kwamba paka mzima anayekula panya na ndege huweza kuishi akinywa maji kidogo mno. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, nefroni. Figo moja ya binadamu ina takriban milioni 1. Figo ya paka ina kama 200,000 tu, na kichujio kilichokufa hakioti kingine mahali pake.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ugonjwa sugu wa figo. Theluthi mbili za vichujio zikiisha, paka hushindwa kuukoleza mkojo. Robo tatu zikiisha, ndipo kreatinini, ile taka inayopimwa kwenye damu, inapoanza kupanda waziwazi. Kabla ya hapo mnyama anakula, analala juani, anagombana na wenzake. Dalili ya mapema ni ndogo, na ni ya nyumbani hasa: paka ambaye hakuwahi kuonekana akinywa maji sasa anakutwa kila mara kwenye karai la bafuni, na mchanga wake wa kujisaidia una mabonge makubwa kuliko zamani. Makadirio yanayotajwa sana na wataalamu ni kwamba paka 3 hadi 4 kati ya 10 waliovuka miaka 10 wana tatizo hili kwa kiwango fulani.

Uhusiano wa figo na presha ulianza kueleweka zamani kidogo. Mwaka 1898, huko Stockholm, Robert Tigerstedt na mwenzake Per Bergman waliwadunga sungura majimaji yaliyotolewa kwenye figo za sungura wengine, wakaona presha inapanda. Kitu hicho walikiita renini. Leo inajulikana kwamba figo inayohisi kupungukiwa na damu humwaga renini, renini huzaa angiotensini, na angiotensini hukaza mishipa na kuuamuru mwili uzuie chumvi. Kwa figo nzima, huo ni ulinzi. Kwa figo iliyochakaa ni amri inayotolewa bila kukoma. Kati ya paka wenye ugonjwa sugu wa figo, tafiti mbalimbali zimekuta wenye presha ya juu kuanzia mmoja kati ya 5 hadi zaidi ya nusu.

Kila mpishi wa pwani anaujua mfano wa jambo linalofuata. Kifumbu cha tui hukamuliwa kwa kiasi. Atakayekikaza kwa nguvu zote ataona machicha yanapenya pamoja na tui, na kifumbu chenyewe kinaanza kuachia nyuzi. Vichujio vichache vilivyobaki kwenye figo hubebeshwa damu yote iliyokuwa ikigawanywa kwa vingi, tena kwa msukumo mkubwa. Protini, ambayo haikutakiwa kutoka, huanza kupenya kwenye mkojo, na kichujio kilichokuwa kizima nacho huchakaa. Figo mbovu imepandisha presha, na presha nayo imerudi kuimaliza figo.

Kuikata duara hiyo ndiyo kazi ya dawa. Lakini dawa haitangulii kipimo, na msisitizo wa makala hii ni kwenye kipimo, kwa sababu ndicho kinachorukwa.

Kupima presha ya paka ni kazi ya utulivu. Chumba kiwe kimya, mbwa wasisikike, na paka aachwe dakika 5 hadi 10 atoke kwenye kapu lake mwenyewe na kunusa sakafu. Mkanda hufungwa kwenye mguu wa mbele au kwenye mkia, na upana wake uwe asilimia 30 hadi 40 ya mzingo wa mahali unapofungwa. Mkanda mwembamba hutoa namba kubwa ya uongo, mpana hutoa ndogo. Chini ya mkanda, kwenye kiganja, huwekwa kitu kidogo kama kifungo cha shati kilichopakwa jeli. Hicho ni kitambuzi cha Doppler, kinachogeuza mwendo wa damu kuwa sauti. Mpimaji akivaa visikilizio masikioni, ili mlio usimtishe mnyama, husikia mapigo yakivuma kama upepo kwenye tundu: fu, fu, fu. Mkanda hujazwa hewa hadi sauti inyamaze, kisha hewa huachiwa polepole, na pale sauti inaporudi ndipo namba husomwa. Kipimo cha kwanza hutupwa. Vingine 5 hadi 7 hupigiwa wastani.

Utaratibu huo una sababu yake. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha matokeo ya paka waliokuwa wamewekewa ndani ya mwili vipimo vya kurusha taarifa kwa redio, wakalinganisha presha ya paka aliyetulia peke yake na ya paka huyohuyo akiwa mbele ya daktari. Kwa wastani presha ilipanda kama milimita 17 kwa sababu ya woga tu. Wengine ilipanda zaidi ya 70. Wachache ilishuka. Kwa hiyo paka aliyekamatwa kwa nguvu na kupimwa mara moja huenda akaanzishiwa dawa ya maisha kwa kosa la kuogopa, na mwenye presha ya kweli huenda akarudishwa nyumbani kwa kisingizio cha woga.

Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama, IRIS, iliyoundwa mwaka 1998, imeweka mipaka inayofuatwa karibu dunia nzima. Chini ya 140 ni salama. Kuanzia 160 ni presha ya juu, na 180 kwenda juu ni hatari kubwa kwa macho, ubongo, moyo na figo. Paka wa 165 asiye na dalili hurudiwa kupimwa katika mwezi mmoja au miwili kabla ya kuamua. Wa 190 hurudiwa ndani ya wiki moja au mbili. Aliyekwisha kupofuka, kupata degedege au kuyumba hasubirishwi, anaanza dawa siku hiyohiyo.

Dawa inayotangulia ni amlodipini, ileile wanayomeza mamilioni ya watu. Ilibuniwa na wakemia wa Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, ikaidhinishwa kwa binadamu Marekani mwaka 1992. Kuta za ateri zina misuli, na misuli hiyo hujikaza kalsiamu inapoingia ndani yake. Amlodipini hufunga njia ya kalsiamu, misuli hulegea, mishipa hupanuka. Kwa paka imefanya kazi vizuri ajabu. Presha mara nyingi hushuka milimita 30 hadi 50, na dozi ni moja tu kwa siku. Ulaya kuna vidonge vya kutafuna vilivyotengenezwa kwa ajili ya paka, vya miligramu 1.25. Kwetu kinachopatikana katika duka la dawa la mtaani ni kidonge cha binadamu cha miligramu 5.

Sasa itazamwe meza ya jikoni. Paka wa kilo 4 kwa kawaida huanzishiwa miligramu 0.625, yaani thumuni ya kidonge hicho. Kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya hindi. Kinawekwa kwenye sahani nyeupe, kinakatwa kwa wembe mpya nusu, nusu inakuwa robo, na robo inapokatwa tena upande mmoja unakuwa kipande na mwingine unakuwa unga. Vipande viwili havitalingana hata mkono uwe mwepesi vipi. Kwa mtu tofauti hiyo ingekuwa si kitu, lakini kwa mnyama wa kilo 4 presha inaweza kubadilika kutoka siku moja hadi nyingine. Kisu cha kukatia vidonge husaidia. Famasi yenye mtu anayejua kupima na kugawa dozi ndogo husaidia zaidi. Na kipande kifichwe ndani ya tonge moja dogo la samaki, paka akiwa na njaa. Kikichanganywa kwenye bakuli zima ataacha nusu ya chakula, na hakuna atakayejua kama dawa ilikuwa kwenye nusu ipi.

Hata hivyo amlodipini ina upande wake wa pili, na hapa figo inahitaji kutazamwa kwa makini. Kila kichujio kina mlango wa damu kuingia na mlango wa damu kutoka. Amlodipini hulegeza zaidi mlango wa kuingilia. Ikiwa presha ya mwili mzima imeshuka vya kutosha, kichujio kinapumzika. Isiposhuka vya kutosha, mlango uliofunguka unaruhusu msukumo kuingia moja kwa moja ndani. Kundi la pili la dawa hufanya kinyume, kwa kulegeza mlango wa kutokea, na msukumo ndani ya kichujio hupungua hata kama presha ya mwili haikubadilika sana.

Kundi hilo lina historia ya kuvutia. Miaka ya 1960 mwanasayansi wa Brazili, Sérgio Ferreira, alikuwa akichunguza sumu ya nyoka wa kwao aitwaye jararaca, ambaye mtu akiumwa naye presha huanguka. Kutokana na uchunguzi huo, David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb waliunda kaptoprili mwaka 1975, dawa ya kwanza ya kumeza inayozuia angiotensini isitengenezwe. Ndugu yake, benazeprili, ndiye aliyeletwa kwa paka. Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya jaribio la paka 192 wenye ugonjwa wa figo. Benazeprili ilipunguza protini kwenye mkojo, lakini haikuonyesha kwa uhakika kwamba waliotumia waliishi muda mrefu kuliko wasiotumia. Kama dawa ya presha pekee, kwa paka, ni dhaifu.

Baadaye ikaja telmisartani, ambayo haizuii angiotensini kutengenezwa, bali huziba mahali inapojishikiza. Umoja wa Ulaya uliiruhusu mwaka 2013 kwa ajili ya paka wanaovuja protini, kisha Marekani ikairuhusu mwaka 2018 kwa presha ya paka. Katika jaribio la paka 224 lililochapishwa mwaka 2015, ilipunguza protini kwa kiwango kisichopungua kile cha benazeprili. Ni maji yanayopimwa kwa bomba la sindano na kumiminwa mdomoni au juu ya chakula, na yeyote aliyewahi kung'ang'ania taya za paka ataelewa neema iliyomo.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza upesi: je, losartani? Ndiyo iliyojaa nyumbani, imo kwenye mkoba wa dawa wa kila bibi na babu mwenye presha, na ni ya ukoo mmoja na telmisartani. Swali ni la haki. Jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2015 lilizilinganisha mbili hizo kwa paka, na losartani haikuzuia angiotensini kupandisha presha kama telmisartani ilivyofanya. Tena vidonge vingi vya losartani huuzwa vikiwa vimechanganywa na dawa ya kukojosha, na paka wa figo, ambaye tayari anapoteza maji usiku na mchana, huweza kukaushwa nayo vibaya. Dawa ya bibi ibaki ya bibi. Vivyo hivyo dawa za maumivu: diklofenaki inaweza kuua figo zilizobaki, na parasetamoli, hata sehemu tu ya kidonge, huua paka kwa njia nyingine kabisa.

Kati ya yote, utafiti unaostahili kusomwa mara mbili ulitoka Chuo cha Kifalme cha Tiba ya Mifugo cha London. Mwaka 2006 watafiti wake walichapisha matokeo ya paka 136 waliofuatiliwa, wengi wao wagonjwa wa figo, na mwaka uliofuata wakachapisha habari za 141 wenye presha waliokuwa wakitibiwa kwa amlodipini. Ilitarajiwa kwamba paka ambaye presha yake ilishushwa vizuri zaidi angeishi zaidi. Haikuonekana hivyo. Kilichobashiri maisha kilikuwa protini ndani ya mkojo: waliovuja zaidi waliondoka mapema. Kipimo chake ni uwiano wa protini na kreatinini. Chini ya 0.2 ni vizuri, juu ya 0.4 ni kuvuja. Chupa ndogo ya mkojo, basi, ina neno la kusema ambalo mkanda wa presha hauwezi kulisema, na kliniki inayopima kimoja bila kingine imeona nusu ya ugonjwa.

Ugunduzi huo haupunguzi thamani ya amlodipini hata kidogo. Unaiweka tu mahali pake. Dawa ya presha huokoa jicho, huokoa ubongo, huupunguzia moyo mzigo. Haifufui nefroni. Kwa figo yenyewe ushahidi mzito uko kwenye sahani. Katika jaribio la miaka miwili lililochapishwa Marekani mwaka 2006, paka 45 waligawanywa makundi mawili. Waliokula chakula maalumu cha figo, chenye fosforasi kidogo, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa figo, ilhali kundi la chakula cha kawaida lilipoteza zaidi ya mmoja kati ya 5 kwa sababu hiyo. Familia inayoulizia dawa ya presha na kusahau chakula inastahili kuambiwa hivyo bila kuzungushwa.

Na kuna wakati dawa za kundi lile la pili hazistahili kuanzishwa. Paka aliyetapika siku tatu, ambaye ngozi ya shingo ikivutwa inabaki imesimama kama hema, kwanza arudishiwe maji. Benazeprili au telmisartani kwa mnyama mkavu huweza kuizima figo iliyokuwa bado inajikongoja. Baada ya kuanza, damu hupimwa tena katika wiki moja hadi mbili kuangalia kreatinini na potasiamu. Presha nayo isishushwe bila mpaka. Lengo ni chini ya 160, ikiwezekana chini ya 140, lakini paka aliye chini ya 120 na amelegea amepewa kupita kiasi.

Lugha yenyewe imelibeba tatizo la ukanda huu. Daktari wa mifugo, neno linavyosikika, ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, na ndivyo serikali na wafugaji walivyomhitaji kwa vizazi. Vyuo vipo, Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi, na wanaohitimu wanafundishwa figo ni nini. Amlodipini nayo imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu na bei yake si ya kutisha. Kinachotafutwa kwa tochi ni mkanda wa upana wa vidole viwili na mtu mwenye subira ya kukaa sakafuni dakika 20 na paka mmoja. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 unataka paka mzima kuanzia miaka 7 apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, hata akiwa hana dalili yoyote. Mwenye paka anayekwenda kwa chanjo anaweza kuliuliza jambo hilo hapohapo mezani. Kliniki iliyoulizwa na wateja kumi itanunua mkanda.

Yule paka jike wa miaka 14 alianzishiwa thumuni ya kidonge jioni ileile. Siku ya kumi analetwa tena katika kapu lake, na anaachwa anuse sakafu. Sauti ya Doppler inanyamaza, hewa inaachiwa, fu ya kwanza inarudi kwenye 148. Daktari anamulika jicho la kulia na mboni inasinyaa, polepole, si kamili. Ya kushoto haitikisiki. Majibu ya maabara yanasema kreatinini iko palepale ilipokuwa, na uwiano wa protini ni 0.5, kwa hiyo telmisartani itaongezwa wiki ijayo ikiwa anakunywa na kula vizuri. Nyumbani wameambiwa wasihamishe bakuli wala kigoda.